Mlima Uliosusiwa Miaka Miwili: Ngazi 3,500, Tozo ya Mtawala na Jasho la Wabeba Machela

Kule Gujarat, magharibi mwa India, kuna mji unaitwa Palitana. Pembeni ya mji kuna mlima, Shatrunjaya, na juu yake kuna mahekalu zaidi ya 800. Mia nane! Mawe yaliyochongwa, marumaru, minara juu ya minara, na yote yamezungushiwa kuta kama ngome. Lakini jua likizama hakuna anayelala huko. Mahujaji wanashuka, hata makuhani wanashuka. Mji mzima wa mahekalu unabaki mtupu mpaka asubuhi, kwa sababu Wajaini wanaamini kule juu ni pa miungu na siyo pa kulala binadamu.

Kwa asiyewajua Wajaini, hawa ni wale wa dini ya kutodhuru kiumbe chochote. Nyama hawagusi, na wengi wao hata kitunguu na viazi hawali, kwa sababu ukin'goa mzizi umeua mmea wote na vidudu vya chini ya ardhi. Afrika Mashariki wapo siku nyingi. Familia nyingi za Oshwal walioko Nairobi, Mombasa na Thika asili yao ni vijiji vya karibu na Jamnagar, rasi ileile ya Kathiawar ulipo mlima huu. Kwa Mjaini wa upande huo, kupanda Shatrunjaya angalau mara moja kabla ya kufa ni jambo zito.

Na kupanda kwenyewe si mchezo. Ni ngazi kama 3,500 za mawe, karibu kilomita tatu na nusu. Wengi wanaanza alfajiri kabla jua halijawa kali, na wengi wanapanda peku. Chakula hakiliwi mlimani. Ukishuka, pale chini kuna akina mama wanauza mtindi kwenye vyungu vidogo vya udongo, na watu wanaufakamia kweli.

Halafu kuna wale wenye imani ya juu zaidi. Wapo wanaopanda mara 99 katika msimu mmoja, kwa kumfuata Adinath, wa kwanza kati ya walimu wakuu 24 wa dini yao, anayesemekana alifika pale mara nyingi mno. Wapo pia wanaopanda mara saba ndani ya siku mbili huku wamefunga, bila chakula na bila tone la maji. Yaani mtu wa gym akae chini kwanza.

Sasa, siyo kila mtu ana miguu hiyo. Bibi wa miaka 80 anafikaje juu? Anabebwa. Kuna kiti kidogo kinaning'inizwa kwenye mti mrefu, wanaume wawili wanaweka mti begani, mmoja mbele mmoja nyuma, safari inaanza. Abiria akiwa mzito wanakuwa wanne, na bei nayo inapanda kwa kilo. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni machela, na stori ya mlima huu bila wabeba machela ni nusu stori. Shida ni kwamba vitabu vinawataja waliotoa hela. Waliobeba hawana majina.

Chukua mfano wa tajiri mmoja wa Bombay, miaka ya 1830. Jamaa alikuwa na meli, na utajiri wake mwingi ulitokana na biashara ya China, pamba pamoja na kasumba. Ndiyo, kasumba yenyewe, ile dawa ya kulevya, na huyu ni muumini wa dini ya kutodhuru kiumbe. Kati ya vilele viwili vya Shatrunjaya kulikuwa na bonde kubwa. Yeye akaamua lijazwe, na juu ya kifusi hicho akajenga kundi zima la mahekalu. Alifariki 1836 kabla ya uzinduzi, mwanawe ndiye aliyemalizia. Jina lake lipo mpaka leo kwenye mahekalu yale. Wale waliopandisha mawe na vifusi mpaka bonde likajaa, hata mmoja hatajwi.

Lakini kilichowahi kuutikisa mlima huu kuliko kitu kingine siku za karibuni ni hela ya kuingilia.

Palitana ilikuwa na mtawala wake, chini ya kivuli cha Waingereza. Tangu karne ya 17 Wajaini walikuwa wakiwalipa watawala wa ukoo huo ili mahujaji walindwe njiani, maana wezi walikuwa kibao. Zamani hiyo ilikuwa malipo ya ulinzi tu. Taratibu ikageuka mradi. Mkataba wa 1821 ulikuwa kama rupia 4,500 kwa mwaka. Mwaka 1863 ikawa 10,000. Mwaka 1886 wakakubaliana 15,000 kwa miaka 40, malipo ya jumla, mahujaji wasihesabiwe.

Miaka 40 ikaisha 1926. Reli ilikuwa imeshaenea, mahujaji wameongezeka, na mtawala anaona umati unampita mlangoni. Akataka kodi ya kichwa, kila anayepanda alipe. Kwa Wajaini hilo lilikuwa tusi. Kwanza walisema mlima ni wao, wala siyo wa mtawala, na walikuwa na hati ya enzi za Wamughali ya 1656 ya kuonyesha. Pili, nani anataka kuhesabiwa kama ng'ombe akienda kusali? Ofisa wa Kiingereza aliyepewa kesi akaamua malipo yapandishwe mara kadhaa. Wajaini wakakataa.

Hawakurusha jiwe wala kuvunja geti. Kuanzia Aprili 1926 waliacha tu kwenda. Mlima mtakatifu kuliko yote, na waumini wenyewe wakausalimisha kwa upepo na nyani. Mwaka ukapita, wa pili nao ukapita. Wazee waliokuwa wakisubiri kupanda mara ya mwisho, hesabu ni rahisi, wapo waliokufa bila kupanda. Hapo ndipo utajua watu walikuwa serious kiasi gani.

Na chini ya mlima? Palitana ni mji unaoishi kwa mahujaji. Nyumba za wageni, wauza maua, wauza mtindi. Mbeba machela hana mshahara wa mwezi, analipwa kwa abiria, na abiria hawapo. Mtawala ana mashamba na ikulu, tajiri wa Bombay ana maduka, yeye ana bega lake tu. Ugomvi ulikuwa wa wakubwa, na wakubwa wote wawili walikuwa na uwezo wa kusubiri.

Mwisho ikabidi mkubwa wa Waingereza India nzima aingilie mwenyewe. Mei 1928 pande mbili zikakutana Simla, mji wa milimani ambako serikali ilikuwa ikikimbilia joto, wakasaini rupia 60,000 kwa mwaka kwa miaka 35. Mwezi wa Juni watu wakaanza kupanda tena.

Wengi husimulia kwamba Wajaini walishinda. Kodi ya kichwa haikuwepo tena, hilo kweli. Ila toka 15,000 mpaka 60,000 ni mara nne, kwa hiyo mtawala naye hakulala njaa. Heshima ilienda upande mmoja, mkwanja ukaenda upande mwingine.

Mkataba ule ulitakiwa ufike 1963. Haukufika. India ikapata uhuru 1947, na mwaka uliofuata Palitana ikaunganishwa na falme ndogo nyingine za Kathiawar, utawala wa ukoo ule ukaishia hapo. Wabeba machela bado wapo, bado wanalipwa kwa kilo za abiria. Na kila mwaka, miezi minne ya mvua, watawa hawasafiri na hija inasimama. Machela zinaegeshwa ukutani mpaka mvua ziishe.