Feritini na umakini wa mtoto: damu yaeleza nini?

Feritini ni protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini, na kiasi chake hupimwa katika damu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, Eric Konofal na wenzake mjini Paris, Ufaransa, waliwalinganisha watoto 53 wenye tatizo la upungufu wa umakini na utukutu, ADHD, na wengine 27 wasio nalo. Feritini ilikuwa chini kwa asilimia 84 ya kundi la kwanza, na asilimia 18 tu ya kundi la pili.

Ubongo huhitaji madini hayo ili kutengeneza dopamini, kemikali inayosaidia umakini. Hata hivyo, damu pekee haithibitishi ADHD: watoto wengi wenye upungufu wa chuma hawana tatizo hilo, na maambukizi huweza kupandisha feritini. Madaktari huchunguza mwenendo wa mtoto nyumbani na shuleni, dalili zikiwa zimedumu angalau miezi 6.

Mzazi asimpe mtoto vidonge vya madini ya chuma bila kipimo na ushauri wa daktari, kwani vikizidi huwa sumu.