Kijiji cha Kiafrika Kando ya Mto Thames

Wasikilizaji wetu, wengi wenu mmekwisha kuona sinema, na pengine mmejiuliza, wale watu wasimamao nyuma ya mchezaji mkuu, wenye mikuki na ngoma, hutoka wapi? Leo twawasimulia habari za kundi moja la watu hao, kwani miongoni mwao alikuwamo mtu ambaye kila mtoto wa shule alijua jina lake.

Katika mwaka 1934 ndugu watatu wenye asili ya Hungaria, Alexander, Zoltan na Vincent Korda, walikuwa wakitengeneza huko Uingereza sinema iitwayo Sanders of the River, hadithi ya mtawala Mwingereza katika nchi ya Nigeria. Zoltan alikuwa amekwisha kusafiri Afrika, akapiga picha za ngoma, za mito na za wanyama. Lakini Paul Robeson, Mmarekani mweusi, mwimbaji mashuhuri, hakwenda Afrika kwa kazi hiyo. Kilijengwa kijiji cha nyumba za nyasi huko Shepperton, kando ya mto Thames, kisha picha za huku na za huko zikaunganishwa, hata mtazamaji asitambue ya kuwa ameona mito miwili.

Kijiji chataka watu. Basi wakatafutwa Waafrika waliokaa Uingereza: wachukuzi na mabaharia wa bandari za Cardiff, Liverpool na London, pamoja na wanafunzi. Mmoja wao alikuwa Jomo Kenyatta. Alikuwa amefika London mara ya pili mwaka 1931 kwa ajili ya madai ya Wakikuyu juu ya ardhi yao, akakaa ugenini hata 1946. Fedha zilikuwa haba, na kodi ya chumba haingoji. Akavaa mavazi ya jumbe mdogo, akasimama penye taa, akapokea ujira wake. Hatuoni haya kulisema, kwani ujira ule ulikuwa halali.

Sisi walimu tukifanya mchezo chuoni, hata kijana ashikaye mkuki tu aujua mwisho wake, maana ameusikia wote mara ishirini. Sinema si hivyo. Picha hupigwa vipande vipande, pengine mwisho kabla ya mwanzo, na maana hutiwa baadaye chumbani; siku zile ilitiwa kwa mkasi na gundi. Sinema hiyo ilipoonyeshwa mwaka 1935, maneno yake ya kwanza yaliwasifu maofisa wachache wa Kiingereza, na zile ngoma zote zikawa kama ushahidi wao. Robeson, aliyekuwa ametumaini kuonyesha heshima ya desturi za Waafrika, aliikana hadharani, akisema sifa hizo zilitiwa katika siku za mwisho za kazi.

Kenyatta naye akasoma kwa Profesa Malinowski, na mwaka 1938 akatoa kitabu chake, Facing Mount Kenya, akawaeleza Wakikuyu kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka 1963 akawa Waziri Mkuu wa Kenya. Picha ile ingalipo. Wale wachukuzi wa Cardiff wamo pia, wamesimama nyuma, na majina yao hayakuandikwa.