Ndege wa Malkia kwenye Kaure za Pwani

Kutoka Jego hadi Vanga si mbali, na nchi hiyo yote ni ya Wadigo, Wasegeju na Wavumba. Kabla ya Vanga palikuwa na Vumba Kuu, mji wa watawala walioitwa madiwani, karibu na mpaka wa leo wa Kenya na Tanzania. Mwingereza A. C. Hollis aliichapisha tarehe, yaani historia, ya Vumba mwaka 1900. Tarehe za namna hiyo huhesabu watawala. Biashara yao twaisoma kwenye vigae vilivyobaki ardhini.

Vigae vinavyong'aa kuliko vyote ni vya kaure ya China. Ile ya rangi ya buluu ilitengenezwa hasa Jingdezhen, na buluu yake ya kwanza ilitokana na madini ya Uajemi. Ilipita mikono ya Wahindi na ya watu wa Ghuba, ikafika kwetu majahazini kwa upepo wa kaskazi. Mafundi wa enzi ya Ming walipenda kuichora maua, mawingu, joka, na ndege mwenye mkia mrefu wa kupeperuka. Huyo ndiye fenghuang.

Wengi humwita feniksi, lakini asichanganywe na yule wa Wagiriki anayeungua akafufuka majivuni. Wa China haungui. Hutokea nchi inapotawaliwa kwa haki, na mwanafalsafa Confucius alihuzunika kwamba katika zama zake hakuja. Ni wa kale mno: mwaka 1976, huko Anyang, kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme aliyeishi yapata miaka 1200 kabla ya Kristo, lilifukuliwa likatoa ndege wa namna hiyo aliyechongwa kwa jiwe la jade, mwembamba, mkia umejipinda. Baadaye joka likawa alama ya mfalme na fenghuang ya malkia. Mataji ya malkia yaliyotolewa katika kaburi la mfalme Wanli wa Ming yana ndege huyo, nayo yamepambwa kwa manyoya ya buluu ya mdiria.

Wachina walihesabu viumbe wanne wa baraka: joka, fenghuang, kobe na qilin, mnyama wa ngano mwenye kwato. Mwaka 1415, katika zama za safari za Zheng He, nahodha mkuu wa majahazi ya China, twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle, na watu wa baraza wakamshangilia kuwa ndiye qilin. Kwangu mimi hapo ndipo penye utamu wa tarehe hii. Pwani yetu iliwapa mmoja wa wale wanne akiwa hai, anatembea; wao wakatuletea mwenzake kwenye sahani.

Nasi hatukuziweka sahani hizo kwa chakula tu. Waashi walizikandika kwenye chokaa mbichi ya makaburi ya wakubwa, uso ukitazama nje: Mambrui, Kunduchi, na hapa jirani kisiwani Wasini. Mahali pengi yamebaki mashimo ya duara, kwa kuwa watu wamezibandua.

Basi ndugu zangu wa Jego, Jimbo na Vanga, jembe likigonga kigae cheupe chenye buluu, msikiuze. Kiacheni palepale kilipo, mkawaarifu Makumbusho ya Taifa. Sheria ya mwaka 2006 inakilinda, na kikishang'olewa mahali pake hakitaweza tena kutueleza kilikuwa katika nyumba ya nani.