Gari Lililovaa Ushungi: "Prototype" Tuiiteje kwa Kiswahili?

Katika gereji ndogo za Moshono, mashariki mwa jiji la Arusha, kazi haiishi fundi anapofunga nati ya mwisho. Mwenye gari akifika na kuuliza, "Fundi, tayari?" hujibiwa, "Bado, bosi. Tulipandishe kwanza." Landrova ya zamani, wan-teni iliyotoka kubadilishwa springi na beringi, inapakiwa viroba vya moramu na kuelekezwa kwenye mwinuko, upande wa Mlima Meru. Ikiwa ni masika, udongo wa majivu ya volkano unateleza kama sabuni. Ikiwa ni kiangazi, vumbi lake linapenya hadi kwenye chujio la hewa. Gari likirudi, fundi haongei. Anachuchumaa na kubandika kiganja kwenye habu ya gurudumu la nyuma. Ikiwa vuguvugu, mwenye gari anakabidhiwa ufunguo. Ikiwa inachoma, jeki inarudi chini ya gari.

Hivyo ndivyo linavyopimwa gari lililokwishaundwa, likauzwa, likachakaa na kutengenezwa. Lile ambalo bado halijatoka kiwandani nalo lina kiganja chake cha kulipima, ila jina lake kwa Kiswahili halijatulia. Waingereza huliita "prototype". Magazetini kwetu hutajwa leo kama mfano, kesho kama kielelezo, keshokutwa kama sampuli kifani, na kwenye mazungumzo ya mafundi vijana ni prototaipu tu.

Afrika Mashariki ina kisa kizuri cha kuanzia. Mwaka 2019 katika Hifadhi ya Borana, Laikipia nchini Kenya, eneo la hekta 14,000 hivi, lilionekana gari lililofunikwa kuanzia boneti hadi mlango wa nyuma kwa karatasi yenye michoro ya kuchanganya macho. Lilikuwa Land Rover Defender mpya, ambayo ulimwengu ulikuwa haujaioneshwa rasmi. Kampuni ilikuwa imelipeleka kufanya kazi pamoja na shirika la uhifadhi la Tusk: kuvuta trela zilizosheheni, kuvuka mito na kubeba vifaa vya watu wanaofuatilia simba. Habari hiyo ilitangazwa tarehe 30 Aprili, siku ambayo Land Rover ya kwanza ilizinduliwa kwenye maonyesho ya Amsterdam mwaka 1948. Kampuni ilieleza kwamba magari ya namna hiyo yalikuwa yamekwishatembea kilomita milioni 1.2, kuanzia jangwa lenye joto la nyuzi 50 hadi baridi ya chini ya nyuzi 40 hasi.

Kabla ya hapo zilikuwepo tetesi tupu. Defender ya zamani iliacha kuundwa Solihull, Uingereza, Januari 2016, na mpya ikafunuliwa Frankfurt Septemba 2019. Kwa zaidi ya miaka mitatu, wapenzi wa magari waliishi kwa picha za kuvizia. Je, chesisi ya ngazi imebaki? Tairi la akiba bado linaning'inia mlango wa nyuma? Bei? Arusha, ambako Landrova imebeba watalii, mahindi, ng'ombe na maharusi, maswali hayo hayakuwa ya mbali. Isitoshe, Tanzania jina lenyewe lilishahama: "difenda" mtaani ni gari la polisi, hata likiwa limeundwa na kampuni nyingine kabisa.

Tetesi hizo ndizo zinazoonesha kwa nini istilahi moja haitoshi. Picha zilizosambaa zilichanganya vitu vinne ambavyo wahandisi huvitenganisha.

Cha kwanza ni gari dhana. Mwaka 2011, kwenye maonyesho ya Frankfurt, Land Rover ilionesha DC100, wakasema waliokuwepo kwamba Defender mpya ndiyo hiyo. Haikuwa hiyo. Gari dhana huundwa litazamwe. Hubeba wazo la wachoraji, na mara nyingi halina haja ya kustahimili hata mtaro mmoja wa barabara ya vumbi. DC100 haikuuzwa kamwe.

Cha pili kina jina lenye utamu wake kwa Mswahili. Wahandisi wanapotaka kupima injini, gia au springi mpya kabla bodi mpya haijawa tayari, huzifunga ndani ya bodi ya gari la zamani. Gari hilo la nje kuukuu, ndani jipya, Waingereza wameliita kwa jina la mnyama anayezaliwa na punda na farasi. Kiswahili kina jina la mnyama huyo tangu zamani: nyumbu. Taabu ni kwamba mkazi wa Arusha akisikia nyumbu hamwoni huyo. Anaona msafara wa Serengeti unaovuka Mto Mara, kwa maana neno hilo hilo limebeba pia mnyama wa porini. Kwenye ushabiki wa siasa na mpira limegeuka kejeli kwa mtu anayefuata mkumbo. Juu ya hayo, Nyumbu ni jina la kituo cha teknolojia ya magari kilichopo Kibaha mkoani Pwani, chini ya wizara inayosimamia ulinzi, na ni jina la lori lililobuniwa hapo. Neno limejaa abiria, lakini kwa maana hii halina mshindani. Nusu punda nusu farasi, nusu gari la jana nusu la kesho: picha inaeleweka bila mkalimani.

Arusha imewahi kuwa na magari yanayokaribia maana hiyo. Mwaka 2018 kampuni ya utalii ya Mount Kilimanjaro Safari Club ilianza kutumia Land Cruiser ya umeme kwenye safari za mbugani. Injini ya dizeli ilitolewa, betri na mota zikaingizwa, bodi ikabaki ile ile iliyozoeleka kwa watalii. Aliyeiona ikipita hakuwa na la kushangaa mpaka alipotega sikio na kukosa mlio.

Cha tatu ndicho kiini cha makala haya: gari lenye bodi yake halisi, chesisi yake halisi, lililoundwa kwa mikono au kwa idadi ndogo ili liteswe. Hili ndilo lililokuwa Borana. Cha nne ni gari la awali, lile linalotoka kwenye mitambo ya kiwanda lakini halijaanza kuuzwa. Hapo kinachopimwa ni kiwanda: kama mlango wa gari la mia moja utafunga sawasawa na wa gari la kwanza.

Sasa turudi kwenye majina yanayogombea kukiita kitu cha tatu. "Prototype" limetoka katika Kigiriki: protos ni kwanza, typos ni alama inayoachwa na pigo, kama ya muhuri. Wanaotafsiri wakiufuata mzizi huo hufika kwenye "mfano wa kwanza". Hapo ndipo penye mtego. Kwa Kiswahili mfano hufuatwa. Mwalimu hutoa mfano ubaoni, mwanafunzi akauiga. Kielelezo ndiyo zaidi: mtu akiitwa kielelezo, jamii inatakiwa imwangalie na kufanya kama yeye. Lakini gari lile la Borana halikuletwa liigwe. Lililetwa lionekane litavunjika wapi.

Kosa la jina linaweza kuwa kosa la kazi. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya. Wahandisi wakaunda magari machache yaliyoitwa Nyayo Pioneer, na Februari 1990 yakaoneshwa kwa shangwe uwanjani Kasarani. Yalikuwa bado magari ya kupimwa, lakini yalipokelewa kama vielelezo vya taifa, tayari kwa gwaride. Uundaji wa kibiashara haukufanyika. Sababu zilikuwa nyingi, fedha ikiwa kubwa. Hata hivyo, gari likishapigiwa makofi na Rais, nani atathubutu kulirudisha gereji na kusema habu inachoma?

"Sampuli kifani" hukutwa katika maandishi ya ufundi, na faida yake ni kwamba halifungwi kwa magari. Linafaa kwa pampu, tanuri hata kitanda cha hospitali. Udhaifu wake ni sampuli. Mfanyabiashara wa Kilombero akitoa sampuli ya mchele, gunia zima liko nyuma yake. Sampuli huchotwa kwenye kilichopo. Gari tunalolizungumzia linatangulia, na huenda gunia lisije kabisa. Prototaipu, nalo, linatamkika vizuri na litaendelea kuwepo vyuoni, ila halimwambii kitu asiyelijua.

Linabaki neno ambalo Arusha imelitumia kwa vitendo kwa muda mrefu: majaribio. Hapa ndipo kilipokuwepo kitengo cha kupima mitambo ya kilimo, TAMTU, ambacho sheria ya mwaka 1981 ilikiunganisha na mradi mwingine wa Arusha kuunda CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini. TEMDO, taasisi ya usanifu wa mitambo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1980, nayo iko Arusha, na miongoni mwa kazi zake ni viteketezi vya taka za hospitali. Katika kazi za namna hiyo, mashine ya kwanza huwashwa, hupimwa, hufunguliwa na kurekebishwa kabla ya kukabidhiwa mtu yeyote. Jina linalosema hivyo waziwazi ni "mashine ya majaribio", na kwa barabarani, "gari la majaribio". Wapo watakaosema litachanganywa na gari la kujifunzia udereva, lakini hilo limeshapata jina lake, gari la lena, na lina L nyekundu mgongoni.

Na lile vazi la kuficha? Land Rover wenyewe wametupa njia. Magari ya majaribio ya Range Rover, kabla ya uzinduzi wa mwaka 1970, yaliandikwa jina la bandia, Velar, linalohusishwa na neno la Kiitaliano la kufunika kwa shela. Mswahili hana haja ya kwenda Italia. Gari la majaribio limevaa ushungi. Msomaji akitumiwa picha ya gari la namna hiyo kwenye simu, aangalie kwanza taa na magurudumu. Taa za kuazima na bodi anayoitambua ni dalili ya nyumbu. Taa halisi chini ya ushungi ni dalili ya gari la majaribio. Bodi inayong'aa jukwaani, bila tope hata chembe, ni gari dhana, na bei inayotajwa chini ya picha isiaminiwe.

Pendekezo la makala haya, basi, ni gari la majaribio kwa matumizi ya kila siku, sampuli kifani kwa ripoti za taasisi, na mfano uachiwe walimu. Land Rover ya kwanza kabisa ya majaribio iliundwa mwaka 1947 juu ya chesisi ya Jeep, usukani ukiwa katikati ili isichaguliwe kushoto wala kulia. Haijulikani kuwa ipo popote leo. Miongoni mwa yaliyosalia, na kuhifadhiwa Uingereza, ni gari la awali la mwaka 1948 lenye namba HUE 166.