Waraka wa Lindi na Simu ya Mwanafunzi: Uongozi wa Elimu ya Dini Pwani

Mwaka 1908 waraka ulizuka Lindi, kusini mwa pwani iliyokuwa chini ya Wajerumani, ukapita mkono hadi mkono mpaka ukafika mbali na bahari. Ulidaiwa kutoka Makka. Ulimtaja Sheikh Ahmad, mtumishi wa kaburi la Mtume, aliyeonywa ndotoni kwamba Kiyama kimekaribia na kwamba Waislamu warejee kwa Mola wao. Kila aliyeupata alihimizwa aueneze. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia tu, na watawala waliona katika karatasi ile harufu ya uasi mwingine.

Waraka huo haujafa. Wasia wa Sheikh Ahmad umechapwa na kunakiliwa kwa miaka mingi katika nchi nyingi, kiasi kwamba Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudi Arabia hadi alipofariki mwaka 1999, aliandika risala ya kuukanusha. Siku hizi unasafiri kwa simu, ukiwa na agizo lilelile: wapelekee na wengine.

Suala lililomo ndani ya waraka huo ni la uongozi. Muumini akipokea neno la dini lisilo na mwenyewe, amwendee nani? Makala haya yanadai kwamba zama za dijitali hazijamwondoa mwalimu wa dini katika nafasi yake, ila zimeibadilisha kazi yake. Zamani aliheshimiwa kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na elimu ambayo wengine hawakuwa nayo. Leo elimu imemwagika kila mahali, na kinachohitajika kwake ni kuithibitisha, kuipanga na kuisimamia kwa jina lake.

Katika chuo cha Kurani, mamlaka ya mwalimu yalionekana kwa macho. Mtoto aliketi mkekani na juzuu yake, akasoma kwa sauti huku wenzake wakisoma yao. Alipofika kwenye neno qalb, yaani moyo, ulimi wake ulimteleza akatamka kalb, yaani mbwa. Mwalimu, ambaye ungedhani hasikilizi, alimsimamisha papo hapo. Alifungua kinywa chake mwenyewe kumwonyesha kwamba herufi ile hutoka nyuma kabisa ya ulimi, karibu na kidakatonge, kisha akamrudisha mwanzo wa aya. Elimu ilipokewa kinywa kwa kinywa. Na mwanachuoni aliyebobea alipewa ijaza, idhini inayomtaja aliyemfundisha, na aliyemfundisha huyo, hadi silsila ifike kwenye chimbuko.

Ijaza ndiyo hazina ambayo mjadala wa leo unaisahau. Inajibu swali ambalo mitandao hailijibu: huyu anayesema, kapokea kwa nani?

Wanaodhani kwamba uongozi wa elimu ya dini pwani haukuwahi kubadilika hawajaisoma historia yake. Kule Lamu, mwishoni mwa karne ya 19, Habib Saleh aliwafungulia darsa watu ambao mabwana wa mji hawakuona kwamba wanastahili kukaa na wanazuoni, wakiwemo waliotoka utumwani na watoto wao. Msikiti wa Riyadha ulikua kutokana na kazi hiyo, na wanafunzi wake wakaenea pwani nzima. Mombasa nayo ilimpata Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Yeye aliona kwamba darsa la msikitini halimfikii kila mtu. Mwaka 1930 akaanzisha Sahifa, na mwaka 1932 gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Karatasi ileile iliyoweza kueneza ndoto isiyothibitika ilieneza sasa hoja yenye jina la mwandishi, na msomaji aliyetilia shaka alijua mlango wa kubisha.

Mfano wa Sheikh Abdallah Saleh Farsy unalikamilisha somo hilo. Tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ilikuwa imechapishwa mwaka 1923 na mmisionari Godfrey Dale, kisha nyingine ikatolewa na Waahmadiyya mwaka 1953. Masheikh wangeweza kuishia kuwakataza watu wasizisome. Farsy, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliingia uwanjani kwa kalamu, na Kurani Takatifu yake ikatoka kamili mwaka 1969. Kiongozi wa elimu akiuacha uwanja, uwanja haubaki mtupu.

Badiliko jingine lilianzia Mombasa mwaka 1986. Viongozi wa Kiislamu wa pwani walikuwa wakihofia kwamba watoto wao wanaachwa nyuma katika elimu ya shule, na kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan ukaanzishwa mpango wa shule za awali ndani ya madrasa. Bi Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waliouasisi. Wanawake wa mitaa hiyohiyo walifunzwa ualimu, na kamati za wanajamii zikazisimamia shule. Mpango ulivuka hadi Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Hapo uongozi wa elimu ya dini ulitoka katika kiti cha mtu mmoja ukawa kazi ya kundi: mlezi darasani, kamati, wazazi, na sheikh anayeangalia mafunzo ya dini. Mpangilio huo ulikuwapo kabla ya simu za mkononi kufika mitaani, nao ndio unaohitajika leo.

Corona iliudhihirisha upungufu wa mpangilio kama huo. Kenya ilipofunga shule na nyumba za ibada mwezi Machi 2020, darsa zilihamia kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp na kwenye Zoom. Walimu waliojua fani yao vizuri waligundua kwamba kazi imeongezewa kazi. Kuna kurekodi, kuna bando la kununua, kuna kundi la kusimamia usiku na mchana. Kijana wa kuwashika mkono, mara nyingi mwanafunzi wao, akawa mshirika wa uongozi bila kuteuliwa na yeyote.

Mashine nazo zimeanza kusikiliza. Programu ya Tarteel humfuata msomaji wa Kurani na kumwonyesha neno aliloliruka au kulikosea. Kwa anayehifadhi akiwa peke yake Muscat au London, mbali na chuo cha kwao, hiyo ni neema isiyopaswa kubezwa. Lakini programu haimjui mtoto. Haioni kwamba leo amekuja na njaa, wala haimuulizi kwa nini ameacha kuswali. Haibebi dhamana mbele ya wazazi wake, na haiwezi kumpa ijaza, kwa sababu yenyewe haikupokea kwa yeyote.

Wapo wanaotaka simu ziishie nje ya mlango wa madrasa. Hofu yao ni ya haki, kwani adabu ya elimu hujengwa kwa kukaa na mwalimu, na skrini huvunja makini. Hata hivyo, marufuku hiyo humlinda mtoto kwa saa mbili tu. Akifika nyumbani hukutana na wahubiri wasiojulikana, naye hana kipimo cha kuwapimia. Wapo pia wanaosema simu inatosha. Hao wanasahau kwamba kuwa na msahafu hakukuwahi kumfanya mtu kuwa msomaji.

Kanisa Katoliki limekwisha kuona haja ya kuurasimisha uongozi wa namna hii. Tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko, kwa waraka wa Antiquum Ministerium, aliiweka kazi ya katekista kuwa huduma rasmi ya walei, baada ya Mwongozo wa Katekesi wa mwaka 2020 kuujadili kwa kina utamaduni wa dijitali. Makatekista wa Afrika Mashariki walikuwa wakibeba parokia mabegani miaka mingi kabla ya hapo. Jipya lilikuwa kuwatambua, na kudai waandaliwe.

Madrasa zinaweza kufanya hivyo kwa nyenzo zao zenyewe. Kila darsa la mtandaoni litaje jina la mwalimu, aliyemsomesha, na fani aliyoidhinishiwa. Anayesimamia kundi ateuliwe, afunzwe, na agharimiwe bando lake badala ya kulitoa mfukoni. Walimu wanawake, ambao akina mama huwauliza wasiyoweza kumuuliza sheikh, wapewe nafasi yao wazi katika uongozi huo.

Na somo la kwanza la muhula liwe waraka wa Sheikh Ahmad wenyewe. Mwalimu ausome kwa sauti, kisha wanafunzi waulize: nani kauandika, kaupokea kwa nani, hadithi iliyomo imo katika kitabu gani, na kwa nini unamtisha asiyeueneza? Majibu wayaandike pamoja, mwalimu ayapitie, kisha yatumwe jioni hiyo kwenye kundi la wazazi, yakiwa na jina lake chini.