Zanzibar ilipokuwa sikio la wanaanga

Zamu hii nimepewa mimi kuandika, na najua mada yangu itawashangaza wengine: safari za binadamu angani. Msiniambie, "Sisi wakimbizi tuna shida zetu, mambo ya roketi yanatuhusu nini?" Someni hadi mwisho, ndo mnijibu.

Ilianza hivi. Nikitoka kambini kuja Kigali huwa nalala Nyamirambo, kwa dada yangu. Jioni moja baada ya magharibi tulikuwa nje na mtoto wake wa miaka tisa, tukaona kama nyota kubwa inatembea. Haikuwa ikiwaka na kuzima kama ndege, wala haikuwa na sauti. Ilitokea upande wa Mlima Kigali, ikavuka juu ya mji, ikapotea. Nikamwambia kile ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, na ndani mna watu. Akaniangalia kama namdanganya. Halafu akauliza: "Mjomba, wakipata shida kule juu wanampigia nani?"

Nilikosa jibu. Nikaanza kusoma, na kumbe jibu la swali lile linapita hapa kwetu Afrika Mashariki, tena kwenye kijiji cha Tunguu, kisiwani Unguja.

Kwanza tuelewe mtu anakaaje kule juu bila kuanguka. Wengi tunadhani kule hakuna uvutano wa dunia. Upo. Chukua jiwe, simama juu ya mlima, lirushe. Litaenda mbele kidogo halafu litaanguka. Ukilirusha kwa nguvu zaidi litaanguka mbali zaidi. Sasa fikiria unalirusha kwa kasi kubwa mno, juu kule ambako hewa ya kulizuia karibu haipo, mpaka kila linapoanguka na dunia nayo inapinda chini yake. Jiwe hilo halitagusa ardhi. Litazunguka. Kasi inayotakiwa ni kama kilomita 28,000 kwa saa. Kwa kasi hiyo, Kigali mpaka Mombasa ni chini ya dakika tatu, na dunia nzima unaizunguka kwa dakika 90 hivi. Kwa hiyo mwanaanga anaanguka muda wote, na chombo chake kinaanguka pamoja naye. Ndiyo maana tunamwona anaelea.

Lakini kuzunguka peke yake hakutoshi kumweka mtu hai. Anahitaji hewa ya kupumua, shinikizo la hewa linalofaa mwili, na joto la wastani. Na siku ya kurudi anahitaji kinga ya joto, kwa sababu chombo kikiingia kwenye hewa ya dunia kwa kasi ile, nje yake kunawaka kama tanuru.

Haya, historia. Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha setilaiti ya kwanza, Sputnik. Tarehe 12 Aprili 1961 ikamrusha mtu wa kwanza, Yuri Gagarin. Alizunguka dunia mara moja, safari nzima ikachukua dakika 108. Wakati wa kurudi, injini ya kupunguza kasi iliwaka chombo kikiwa karibu na pwani ya Angola, na Gagarin akapita juu ya bara letu kuelekea kaskazini.

Kuna jambo moja la maisha ya Gagarin ambalo shuleni sikuwahi kuambiwa. Alikuwa mtoto wa miaka saba hivi jeshi la Wajerumani lilipoteka kijiji chao. Askari wakachukua nyumba. Familia ikachimba kibanda cha udongo nyuma ya nyumba yao wenyewe, ikaishi humo zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Kaka yake na dada yake walichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi za utumwa. Naye Sergei Korolev, mhandisi mkuu wa roketi iliyombeba Gagarin, alikamatwa mwaka 1938 kwa mashtaka ya uongo, akapelekwa kwenye kambi ya wafungwa Kolyma, baridi kali, akichimba dhahabu. Hata alipofanikiwa, jina lake lilikuwa siri ya serikali mpaka alipofariki Januari 1966. Siandiki haya kusema kambi ni shule nzuri. Kambi iliharibu afya ya Korolev, na wengi waliopelekwa huko pamoja naye hawakurudi. Nataka tu mjue kwamba mtu wa kwanza angani alishawahi kufukuzwa nyumbani kwao.

Marekani nao walikuwa wanakimbia nyuma, na mpango wao wa kwanza wa kurusha watu uliitwa Mercury. Hapo ndo likaja swali la mpwa wangu. Redio ya chombo inasafiri kwa mstari ulionyooka, dunia ni mviringo. Chombo kikishavuka upeo wa macho, wewe uliyebaki Florida humsikii tena mwenzako. Kituo kimoja cha chini kingeweza kuongea na chombo kwa dakika chache tu, saba hivi, kisha kimya. Dawa yake ilikuwa kupanga vituo kando ya njia yote, mmoja akimpoteza mwingine ampokee. Walijenga mtandao wa vituo 18, viwili kati yake vikiwa kwenye meli. Baada ya kuvuka Atlantiki, chombo kilipokewa na Kano, Nigeria. Baada ya Kano ikafuata Zanzibar. Baada ya Zanzibar ni maji tu, meli katika Bahari ya Hindi, halafu Australia.

Yaani kwa upande huu wa dunia, Tunguu ilikuwa sikio la mwisho kwenye nchi kavu kabla ya bahari.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alirushwa kutoka Florida ndani ya chombo kilichoitwa Friendship 7. Nimepiga hesabu ya saa: kule ilikuwa saa tatu na dakika 47 asubuhi, kwetu karibu saa kumi na mbili jioni. Alifika usawa wa Zanzibar kama nusu saa baadaye. Na mwaka ule Februari ilikuwa mwezi wa Ramadhani. Kwa hiyo mtu yule alipita juu ya kisiwa wakati watu wanangoja adhana ya magharibi wafuturu. Pale kituoni mafundi walikuwa wamevaa vifaa vya masikioni wakisikiliza sauti yake, na mashine zikipokea habari za mwili wake na za chombo: mapigo ya moyo, pumzi, hewa, umeme. Dakika chache, kisha akaingia juu ya bahari, na jua likazama mbele yake mara ya kwanza siku ile.

Glenn alizunguka mara tatu, akakaa angani chini kidogo ya saa tano. Katikati ya safari, ishara moja ilionyesha kwamba huenda kinga yake ya joto imelegea. Wakubwa wa Florida wakaulizana na vituo mbalimbali njiani, wakapanga namna ya kumrudisha. Alifika salama, na ikaonekana kinga ilikuwa nzima, ishara ndiyo ilikuwa na kosa. Baada yake wakapita Scott Carpenter mwezi wa Mei na Walter Schirra mwezi wa Oktoba mwaka huohuo, na Gordon Cooper Mei 1963, aliyezunguka mara 22.

Sasa tuje upande wa pili wa hadithi. Kituo kiliwekwa mwaka 1960 kwa mkataba kati ya Uingereza na Marekani, kwa sababu Zanzibar wakati huo ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Wazanzibari wenyewe hawakuwa watiaji saini. Miaka ile siasa zilikuwa moto, vyama vinagombania uhuru, dunia imegawanyika kati ya Washington na Moscow. Watu wakaona wageni wanajenga minara na kuzungusha uzio. Wengine wakasema ni kituo cha makombora. Wengine wakaogopa kwamba vita ikitokea, kisiwa kitakuwa shabaha. Yakafanyika maandamano. Marekani walisema ni kazi ya sayansi tu, na kwa kweli pale hapakuwa na kombora. Lakini neno likishaenea, kulirudisha ni kama kukusanya maji yaliyomwagika.

Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Wengi waliuawa, na maelfu walikimbia, wengine mpaka Oman, ambako hadi leo kuna familia zinazoongea Kiswahili. Siku iliyofuata meli ya kivita ya Marekani, USS Manley, iliwaondoa raia wao, na kati yao walikuwemo wafanyakazi wa kituo cha anga. Walioongea na watu wa angani nao wakaondoka kwa haraka kama tulivyoondoka sisi, ila wao walikuwa na meli ya kuwangoja. Aprili 1964 serikali ya Rais Abeid Amani Karume ikaamuru kituo kiondolewe. Kikaondolewa. Mwezi huohuo Tanganyika na Zanzibar zikaungana.

Je, wangewaeleza watu vizuri, kituo kingebaki? Sidhani. Mapinduzi yalikuwa na sababu kubwa kuliko antena. Lakini nadhani hofu ile ingepungua kama mtu wa Tunguu angeingizwa ndani, akawekewa vifaa masikioni, akaambiwa: sikiliza mwenyewe, huyu ni mtu anapita juu ya shamba lako, nasi tunamlinda asipotee.

Nasema hivyo kwa sababu nimeona kambini. Siku moja walikuja watu na vifaa vya kupima, wakapita kati ya nyumba zetu, wakaandika namba ukutani kwa rangi, wakaondoka. Hakuna aliyeelezwa, hata sisi volontia. Jioni ile ile kambi nzima ikasema tunahamishwa. Mama mmoja aliuza mbuzi wake wawili kwa bei ya kutupa. Kumbe walikuwa wanapima mifereji ya maji ya mvua. Jambo jema kabisa! Tulizunguka nyumba kwa nyumba siku tatu kutuliza watu, na mbuzi wa yule mama hawakurudi. Ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa, siwalaumu wote. Ila mtu aliyewahi kukimbia usiku, akiona namba ukutani kwake hafikirii mifereji.

Na sasa je? Vituo vya aina ya Tunguu vimepungukiwa kazi, kwa sababu tangu miaka ya 1980 kuna setilaiti za juu zaidi zinazopokea sauti ya wanaanga na kuipeleka ardhini. Kituo kile tulichokiona Nyamirambo kiko kilomita 400 hivi juu, na tangu tarehe 2 Novemba 2000 hakijawahi kukaa bila watu. Novemba 2019, kutoka kituo hichohicho, iliachiliwa setilaiti ndogo ya Rwanda, RWASAT-1, iliyotengenezwa na wahandisi Wanyarwanda wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Tokyo. Kenya walitangulia hivyo hivyo Mei 2018, Uganda wakafuata Desemba 2022. Mwezi huohuo wa Desemba 2022, Rwanda na Nigeria zikawa nchi za kwanza za Afrika kutia saini Makubaliano ya Artemis, yanayohusu safari za kurudi mwezini. Mwaka 1960 saini ya Zanzibar iliwekwa London. Hii ya 2022 iliwekwa na Mnyarwanda mwenyewe. Tofauti hiyo si ndogo.

Niwape na jina moja la mwisho: Mae Jemison. Tarehe 12 Septemba 1992 alikuwa mwanamke wa kwanza mweusi kufika angani. Kabla ya hapo, akiwa mwanafunzi wa udaktari, alifanya kazi Kenya, na pia katika kambi ya wakimbizi wa Cambodia huko Thailand. Kwa hiyo mtu aliyeshawahi kuhudumia wagonjwa kwenye kambi kama zetu ameiona dunia kutoka juu. Siwaambii kwamba kesho mmoja wetu atapanda roketi. Mimi mwenyewe nimeishia sekondari, na karatasi zangu bado ziko kwenye foleni. Ninachosema ni kwamba hata aliye juu kabisa hafiki peke yake. Kila mwanaanga ameshikiliwa na watu wa chini wanaokaa zamu, wanasikiliza, wanaandika, wanampa mwenzao wa kituo kinachofuata. Kazi hiyo tunaijua. Volontia anayekaa zamu ya usiku na simu mkononi akingoja kuitwa kwa mama mjamzito anaifanya hiyo hiyo.

Nilirudi Nyamirambo nikamjibu mpwa wangu: wanampigia mtu aliye zamu. Akauliza, "Na akiwa amelala?"

Nikamwambia ndo maana inaitwa zamu.

Wiki hii, jioni au alfajiri, mkiona ile nyota inayotembea bila kupepesa, waonyesheni wadogo zenu. Na kama nyumbani mna mzee au bibi kutoka Unguja anayekumbuka minara ya Tunguu, mwulizeni alielezwa nini siku ile, mniandikie.