Mtundu

Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akifika soko la Mitundu, kusini mwa Lilongwe, ataulizwa na muuza vitenge: "Mtundu wanji?" Asikasirike. Kwetu mtundu ni mtoto anayeparamia mwembe wa jirani. Kwa Kichewa mtundu ni aina, kabila, hata rangi. Wingi ndio unaotutenga: sisi tuna watundu, wao wana mitundu.

Maana hizo mbili hukutana kwa farasi. Wafugaji hukisia rangi ya mtoto kwa kutazama jeni za wazazi. Wekundu wawili huzaa mwekundu. Weusi wawili wanaweza pia kuzaa mwekundu, maana weusi huficha wekundu vizazi na vizazi. Lakini jeni ya kijivu ina utundu wake. Nakala moja tu, ya baba au ya mama, inatosha. Mtoto huzaliwa mwekundu au mweusi, kisha manyoya hupauka mwaka hadi mwaka mpaka anakaribia weupe, na ngozi chini imebaki nyeusi. Mwaka 2008 watafiti waligundua chanzo: kipande cha DNA kilichojirudia.

Sisi tunamwita farasi wa kijivu, kama aliyegaragara jikoni kwenye majivu. Neno zuri zaidi tunalo, na Wachewa wanalo vilevile: mvi, wao wasema imvi. Farasi huyo ameota mvi tu. Mtundu wake wa Kichewa ungali chini. Mtundu wa Kiswahili ndiye aliyeufunika.